Kichupa Kimoja Pungufu

12 Mei

Dada mpenzi, shikamoo.

Nimefika salama. Basi lilipata pancha mara mbili, na jirani yangu wa kiti alilala begani kwangu safari nzima kama tumeoana, lakini nimefika. Mama hajambo, ila ule mguu ni ule ule. Kidonda hakifungi. Anakifunga kitambaa juu ya kitambaa na kupaka manukato juu yake, akidhani hatusikii harufu. Hospitali hataki hata kuisikia. Anasema wauguzi wa pale ni watoto wa majirani, watakwenda kusimulia.

Asante kwa ile Jumapili. Ulifungua mlango wa maabara kwa funguo zako mwenyewe, ukanivalisha koti jeupe, nikajiona kwenye kioo nikasema, hee, kumbe kinyozi naye anaweza kufanana na mtu wa maana! Nimewasimulia wateja wote. Mmoja nimemkata kidogo sikioni kwa kunogewa na hadithi. Hapa kibandani siku hizi hakuna anayekutaja kwa jina, wewe ni Daktari tu. "Daktari hajambo? Daktari anakuja lini?" Nami nakuitikia.

Sasa kuna mteja mmoja, mwalimu, mbishi hajapata kutokea. Nilimweleza habari za ule unga wenu wa manjano, kwamba unaua vijidudu vilivyozishinda dawa zote. Akaniuliza: ukitolewa kwenye friza unaharibika? Unachanganywa na nini? Nikabaki na mkasi mkononi. Hebu nieleze vizuri nimfunge mdomo.

Mdogo wako,
Kinyozi


19 Mei

Mdogo wangu, marahaba.

Nimecheka peke yangu hadi mwenzangu wa chumba akaja kuchungulia. Msalimie aliyekatwa sikio.

Mwambie mwalimu wako hivi. Unga wetu hautaki joto, hautaki mwanga, na unyevu ndio adui yake mkubwa. Ndiyo maana unakaa kwenye vichupa vya kioo cha kahawia, ndani ya friza kali kuliko ya muuza samaki. Ukikitoa kichupa, hukifungui papo hapo. Unakiacha kwanza kipate joto la chumba kikiwa kimefungwa, la sivyo umande unaingia na unga unaganda kama chumvi ya zamani. Kwenye maji haukubali kuyeyuka, unaelea tu. Una kiyeyusho chake, nacho kina utundu: kikikudondokea kinapenya ngozi na kupita na chochote kilichomo. Kwa hiyo tunavaa glavu jozi mbili, barakoa na miwani, na tunapima ndani ya kabati la kioo linalovuta hewa. Kinachobaki hakimwagwi kwenye sinki. Kinawekwa kwenye chombo chake, kinakwenda kuchomwa.

Na kweli unaua. Sahani imejaa vijidudu kama mkate ulioota ukungu, unadondosha tone, kesho yake pamebaki duara safi. Nilikuambia siku ile kwamba huu ndio utakaotuponya sote, na bado naamini hivyo.

Ila ile Jumapili ibaki baina yetu. Sikuwa na ruhusa ya kumwingiza mtu. Na hilo la Daktari, basi, waache waseme. Maneno hayavunji mfupa.

Mwambie Mama aende hospitali. Mwambie nimeagiza mimi.

Dada yako


2 Juni

Dada, shikamoo.

Kaa chini kwanza. Mguu wa Mama unakauka! Kingo za kidonda zimeanza kuwa nyekundu nzuri, usaha hakuna, na harufu imekwisha kabisa. Jumamosi ametoka nje akakaa na wenzake hadi jua likamfukuza. Mara ya mwisho kumsikia akicheka namna ile ni zamani.

Hakwenda hospitali. Nampaka mafuta fulani, nayachanganya mwenyewe kwa mafuta ya mgando yale tunayopaka wateja baada ya kunyoa. Asubuhi na jioni. Usiniulize zaidi, fundi naye ana siri zake! Majirani wananiambia, "Kumbe udaktari uko kwenye damu yenu."

Mwalimu nimemfunga mdomo.

Mdogo wako,
Kinyozi


9 Juni

Mdogo wangu,

Soma barua hii ukiwa peke yako.

Juzi Mkuu wa maabara alifungua boksi la vichupa vya ule unga akakuta nafasi moja iko tupu. Alituita wote. Kila mtu akasema hajui, na mimi nikasema hivyo hivyo. Kuna mama anayefanya usafi hapa, sote tunamwita Shangazi ingawa si shangazi wa mtu. Katika wenye funguo, yeye peke yake ndiye asiyevaa koti jeupe. Hakuna hoja nyingine juu yake. Ameambiwa akae nyumbani mpaka uchunguzi uishe, na kila mtu anajua uchunguzi wa namna hiyo hauishi. Alivua aproni palepale mbele yetu, akaikunja vizuri kama nguo ya mtoto. Akaniangalia. Nikaangalia sakafu.

Sasa nakuuliza, na unijibu ndiyo au hapana. Ile Jumapili, mlinzi aliponiita kwenye korido, uligusa friza?

Kuna jambo nilikuficha. Wale panya tuliowapaka ule unga wamevimba na hawakojoi. Tulipowapasua tukakuta figo zimepauka kama nyama iliyolowekwa. Nilikuwa najua kabla hujaja. Sikukuambia kwa sababu ulisimama mbele ya ile friza ukiniangalia kwa namna ambayo hakuna mtu amewahi kuniangalia. Nikaona nikitaja panya nitauharibu ule mtazamo wako. Kuua vijidudu kwenye sahani si kumponya mtu, mdogo wangu. Hata moto unaua vijidudu.

Hayo mafuta ya Mama yana nini ndani?

Dada yako


15 Juni

Dada,

Nimeisoma barua yako mara mbili nikidhani imekosea njia. Mimi? Mimi wa kukuibia wewe? Akutukanaye hakuchagulii tusi, lakini hili sikulitegemea kutoka kwako. Tumelala kitanda kimoja, tumekula sahani moja, leo mtu wa ndoo na fagio amefukuzwa na wewe unamtafuta mwizi kwa mama yako mzazi.

Jibu langu ni hapana. Mafuta yale ni mafuta. Nimetia majani fulani niliyopewa na mtu.

Mama hajambo. Uso wake umejaa kidogo asubuhi, na viatu vinambana, lakini yeye anasema ni kunenepa kwa furaha.

Hao panya, walianzaje kuumwa? Nauliza tu.

Kinyozi


17 Juni

Mdogo wangu,

Barua hii anakuletea dereva wa basi la asubuhi. Nimemwomba akupe mkononi. Nyumbani hamna simu, na ya hospitali ya huko nimeipiga tangu jana, inaita tu, hakuna anayepokea.

Sihitaji ukiri kwangu. Acha kumpaka sasa hivi. Osha kidonda kwa maji mengi safi, yaliyochemshwa yakapoa. Usitumie mikono mitupu. Vitambaa ulivyotumia, mafuta yaliyobaki na kichupa chenyewe, vifunge kwenye mfuko na umpe daktari. Usivitupe mahali popote. Kisha mpeleke Mama hospitali hata kama itabidi umbebe mgongoni huku anakupiga.

Karatasi ya pili humu ndani ni ya daktari. Mpe mkononi.

Panya walianza kwa kuvimba uso.

Dada yako


17 Juni

Kwa Daktari wa zamu,

Mama huyu amepakwa kwenye kidonda kilicho wazi, kwa muda unaokaribia mwezi mmoja, unga wa majaribio kutoka maabara ninakofanya kazi. Hiyo si dawa. Kichupa chake kimeandikwa kuwa ni kwa utafiti tu, si kwa binadamu wala mnyama. Unaua bakteria, kwa hiyo kidonda kitaonekana kinapona. Tafadhali usidanganyike nacho. Kwa panya tuliowachubua ngozi na kuwapaka, uliingia kwenye damu na kuharibu figo. Walivimba, mkojo ukapungua, wengine wakafa. Kwa mtu haujawahi kujaribiwa. Hatujui cha kuuzuia. Tunachojua ni kwamba wale tulioacha kuwapaka mapema, wengi walipona, na ninaogopa kwamba dawa nyingine yoyote inayochosha figo itazidisha madhara.

Huenda umesikia huko kwamba mimi ni daktari. Mimi si daktari. Ni msaidizi wa maabara. Napima, nahifadhi, naosha vyombo. Nilimwingiza ndugu yangu ndani siku ya mapumziko bila ruhusa, nikajisifu mbele yake. Mkuu wangu bado hajui. Nikimaliza kuandika nakwenda kugonga mlango wake ili azungumze nawe, maana yeye anajua zaidi.

Msaidizi wa maabara,
binti wa mgonjwa


22 Juni

Dada,

Sijui kama bado nina haki ya kukuamkia. Shikamoo hata hivyo.

Ndiyo. Nilichukua. Ulipokwenda kumjibu mlinzi, mlango wa friza ulikuwa bado wazi, na nikakumbuka Mama anavyojifungia chumbani wageni wakija. Nikakisokomeza kwenye soksi. Kilikuwa cha baridi hadi kikaniunguza. Ile barua yako ya kwanza niliisoma vizuri, Dada, sehemu ya glavu na yote. Nikajiambia hizo ni taratibu za watu wa ofisini, ninyi mnavaa glavu hata kushika kalamu.

Hilo si baya zaidi. Baya zaidi ni hili.

Barua yako niliipata, na siku hiyo hiyo nikampeleka Mama. Daktari ni kijana mdogo, mwenye adabu. Akaniuliza, "Mama amepakwa nini?" Karatasi yako ilikuwa mfukoni, na mfuko wenye kichupa nimeukumbatia kwapani. Nyuma yangu foleni, na wateja wangu wawili wamo. Kabla sijafungua mdomo akaniambia, "Kaka, wewe si ndugu yake yule daktari mwenzetu wa utafiti?" Nikasema ndiyo. Baada ya ndiyo ile, ningeitoaje karatasi inayosema wewe si daktari na mimi ni mwizi? Nikasema, "Mafuta tu."

Akamwandikia sindano. Wakamchoma siku hiyo na siku ya pili. Siku ya tatu Mama hakukojoa hata tone, macho yakafumbwa na uvimbe, akaanza kuniita jina la Baba. Ndipo nikaitoa. Daktari aliisoma amesimama. Akaangalia tarehe juu ya karatasi, akaniuliza niliipata lini. Nikasema juzi. Akarudia, "Juzi." Akakimbia wodini kwenda kusimamisha zile sindano.

Wamempeleka hospitali kubwa, kwenye mashine ya kusafisha damu. Kibanda nimekifunga. Ngozi ya mkono wangu wa kulia inatoka kama maganda ya kitunguu. Sijamwonyesha mtu.

Njoo, Dada. Ukitaka uje unipige, njoo tu.

Kinyozi


6 Julai

Mwanangu,

Naandika mwenyewe, mwandiko utauvumilia.

Nimerudi nyumbani. Ile mashine imenirudishia mkojo, na samahani kwa neno hilo, lakini ndiyo habari kubwa ya nyumba hii. Jana mdogo wako alipiga makofi nje ya mlango wa choo. Figo wanasema zimebaki na nusu ya nguvu zake, chumvi nisahau, na kila wiki nirudi kupimwa. Mkono wake umeanza kuota ngozi mpya. Nimemwambia aufunike, akanijibu hapana, wacha watu waone.

Ulipokuja ulikaa kando ya kitanda changu siku mbili ukiitazama mashine. Mimi hukunitazama. Ndiyo maana nakuandikia.

Ninyi wawili mmegawana kosa hili kama urithi, kila mmoja anavutia upande wake, na mimi hamkuniachia hata kipande. Nataka changu. Siku mdogo wako alipofika na kile kichupa nilijua si cha kupewa. Mtu aliyepewa kitu hakitoi kwenye soksi. Nikamwambia, "Paka." Nilikuwa nimechoka kunuka, mwanangu. Jirani yangu alikuwa akinisalimia kutokea dirishani kwake, na mimi nikijifanya ndivyo nipendavyo. Mficha maradhi kifo humuumbua, na changu kilikwisha kubisha hodi.

Na hilo la udaktari, usimlaumu kinyozi. Nilianza mimi. Mwaka wako wa kwanza pale uliniambia unaosha vichupa. Nilikusikia vizuri. Nikasahau kwa makusudi.

Sasa muuguzi anakuja kusafisha kidonda. Ni mtoto wa jirani kweli. Anaziba pua waziwazi, nami namwambia ziba mama, ziba, usije ukaniangukia.

Lakini kuna mtu mmoja sikumsikia akitajwa hata mara moja siku zile mbili. Mdogo wako amenieleza habari za yule mama wa usafi. Mimi nimepoteza nusu ya figo kwa mdomo wangu mwenyewe. Yeye amepoteza kazi kwa midomo yetu. Umekwenda kwake?

Mama yako


14 Julai

Mama, shikamoo. Mdogo wangu, nawe soma, ni barua yenu wote wawili.

Nilimwandikia daktari kwamba nakwenda kugonga mlango wa Mkuu. Sikugonga. Nilifika hadi mlangoni, nikasikia anacheka na mtu ndani, nikarudi kuosha vyombo. Nikajiambia kesho. Ndipo barua yako ikaja, mdogo wangu, nikasoma ile "juzi" na nikajua hatupishani. Wewe uliificha karatasi mfukoni na mimi niliuficha ukweli kifuani.

Niliporudi kutoka kwenu niliingia kwake bila hata kubisha. Alinisikiliza huku anafuta miwani.

"Ungeniambia siku ile," akasema, "ningefunga safari mwenyewe. Nilikuwa na majibu mapya ya figo za wale panya mezani kwangu. Yangemsaidia yule daktari."

Akavaa miwani.

"Na yule mama wa usafi?"

"Nilisubiri."

"Ulisubiri nini?"

Nimerudisha funguo na koti. Shangazi ameitwa arudi, lakini wiki imepita hajaonekana. Basi jana nikaenda kwake.

Anakaa chumba kimoja nyuma ya karakana ya matairi. Nilimkuta mlemle ndani anafua nguo za watu, beseni tatu. Hakushtuka. Alijifuta mikono, akanipa kigoda, yeye akabaki amesimama.

"Mama yako anaendeleaje?" akaniuliza. Kumbe habari zilimfikia.

"Anaendelea vizuri, Shangazi. Amerudi nyumbani."

"Mshukuru Mungu."

Nikamweleza yote. Alisikiliza huku anakamua shati moja, akakamua mpaka likaacha kutoa maji, na bado akaendelea kulikamua. Nikamwambia sikuja kuomba anisamehe.

"Basi umekuja kufanya nini?"

Akaketi ukingoni mwa kitanda.

"Siku waliponivua aproni," akasema, "nilikutafuta kwa macho. Si kwamba nilijua lolote. Katika watu wote mle ndani ni wewe peke yako uliyekuwa ukiniuliza nimeamkaje. Nikasema moyoni, huyu atasema neno. Hata neno dogo. Hata 'jamani.'"

Mama, nimelia mara nyingi tangu Juni, lakini pale sikulia. Niliona ningekuwa namwibia tena.

Akaniuliza kama najua mtaa wake unasemaje. Nikasema sijui. Wanasema ameiba sumu. Wanaye amewatoa mchezoni kwa sababu wenzao wanawakimbia wakijishika koo. Wenye nguo wamepungua, wanaogopa atawatilia kitu kwenye maji. Ndiyo maana harudi kazini. Hawezi kupita kwenye milango ya majirani wale kila asubuhi na aproni mkononi.

"Mkuu wenu amenipigia kuniambia mimi ni msafi," akasema. "Ameniambia mimi, na mimi nilikuwa najua. Hawa nani atawaambia?"

"Nitawaambia mimi."

"Lini?"

Nikasimama. Naye akasimama, akajitanda kitambaa chake kichwani, tukatoka. Nilidhani atanisindikiza tu, kumbe alikwenda moja kwa moja nyumba ya mbele akabisha hodi, mama mmoja akatokea, Shangazi akasogea pembeni akaniachia mlango.

Nikasema. Nikasema kile kichupa hakikuchukuliwa na huyu mama. Alikichukua ndugu yangu, mimi ndiye niliyemfungulia mlango, na siku huyu mama anafukuzwa nilihisi hivyo na nikaangalia sakafu. Shangazi akasema, "Sema tena, mume wake yuko ndani hakusikia." Nikarudia. Tukaenda ya pili. Pale watu walikuwa wanakula, wakaacha vijiko hewani. Nyumba ya tatu walinifukuza na kumkumbatia yeye. Ya nne walitaka kujua zaidi kuhusu mama yangu, nikawaambia. Penginepo walicheka. Mzee mmoja kiziwi ilibidi nimpigie kelele hadi mtaa wa nyuma ukasikia, na Shangazi akajifunika mdomo kwa mkono. Sijui alikuwa akizuia nini.

Hatukumaliza. Tulipofika kona akasema miguu inamuuma, na nguo zake bado ziko kwenye beseni. Akageuka akaenda. Hakuniambia nirudi. Hakuniambia nisirudi.

Kesho naanza upande wa pili. Mdogo wangu, panda basi la asubuhi, nitakusubiri kituoni. Kwenye mlango wa kwanza utasema wewe.

Dada yako